Utatuzi wa matatizo ya kuchoma mapaja ya kuku nyumbani

Malalamiko kuhusu mapaja ya kuku ya kuchoma ni yale yale kila mara: yameungua nje huku ndani yakiwa mabichi, yamekauka, yamenata kwenye wavu, au ngozi yake inatafunika kama mpira. Sehemu kubwa ya matatizo haya haitokani na viungo wala na aina ya jiko, bali inatokana na jinsi moto ulivyopangwa na jinsi mchomaji anavyoamua kwamba nyama imeiva. Kwa hiyo, kabla ya kubadilisha viungo au kununua jiko jingine, hakikisha kwanza mambo mawili. La kwanza ni kuurundika mkaa upande mmoja tu wa jiko, ili uwepo upande wa moto mkali na upande usio na makaa chini yake. La pili ni kuwa na kipimajoto cha nyama chenye ncha nyembamba.

Lipo jambo jingine la kueleweka mapema, kwa kuwa linarudi karibu katika kila dalili. Paja si kidari. Kidari kina mafuta machache na hukauka upesi kikipita kiwango chake cha kuiva, lakini paja ni msuli unaofanya kazi muda wote kuku anapotembea. Lina mafuta zaidi, na lina tishu unganishi zenye kolajeni, ambayo hulainika na kugeuka jelatini pale tu nyama inapopata joto la kutosha kwa muda. Kuku huwa salama kuliwa anapofika nyuzi joto 74 za Selsiasi, lakini ulaini wa paja hupatikana zaidi kati ya nyuzi 80 na 85. Asiyejua tofauti hii huliondoa paja motoni mapema kwa kuogopa lisikauke, kisha hulikuta gumu na kuamini kwamba limekauka.

Nje limeungua, ndani bado bichi

Chanzo cha kawaida ni kuiacha nyama juu ya makaa makali tangu mwanzo hadi mwisho. Ngozi huanza kugeuka kahawia joto lake linapokaribia nyuzi 140, na juu ya makaa makali hufika hapo ndani ya dakika chache, ilhali paja lenye mfupa huhitaji dakika 30 hadi 40 za joto la wastani ili liive hadi ndani. Pima moto kwa kiganja: kishikilie kiasi cha sentimita 12 juu ya wavu na uhesabu. Ukilazimika kukiondoa kabla ya sekunde 3 kwisha, moto huo unafaa kupaka ngozi rangi tu, haufai kuivisha. Ukiweza kuvumilia sekunde 5 au 6, huo ni moto wa wastani.

Marekebisho yake ni kuhamishia mapaja upande usio na makaa, kufunika jiko, na kuacha matundu ya hewa wazi nusu. Joto ndani ya jiko lililofunikwa likiwa kati ya nyuzi 180 na 200, nyama huiva pande zote kama iliyo ndani ya oveni, na mwishoni hurudishwa juu ya makaa kwa dakika 3 hadi 5 ili ngozi ikamilike. Kama jiko halina kifuniko, sufuria pana iliyopinduliwa juu ya nyama hufanya kazi hiyo vizuri. Ishike kwa kitambaa kinene, kwa sababu mvuke unaotoka chini yake huunguza.

Chanzo cha pili ni sukari. Asali, sukari na michuzi mitamu huungua mapema sana, na paja lililolowekwa humo hugeuka jeusi hata kwenye moto usio mkali. Kwanza choma nyama ikiwa na chumvi na viungo vikavu, kisha paka mchuzi mtamu katika dakika 5 hadi 10 za mwisho, kidogo kidogo, ukigeuza kila mara.

Chanzo cha tatu, ambacho wengi hukisahau, ni nyama ambayo bado ina barafu karibu na mfupa. Minofu ya juu huweza kuwa laini kabisa huku katikati ikiwa imeganda. Bonyeza upande wa ndani wa paja, penye mfupa. Ukisikia ugumu wa baridi, usiichome bado. Yeyusha barafu ndani ya friji kwa usiku mzima, au tumbukiza nyama ikiwa ndani ya mfuko uliofungwa vizuri kwenye maji baridi, ukibadilisha maji kila baada ya dakika 30, kisha ipike mara moja. Kuiacha mezani iyeyuke yenyewe ni kosa, kwa kuwa nje hupata joto linalowafaa bakteria saa kadhaa kabla ya ndani kuyeyuka.

Ikiwa yote hayo ni sawa na bado ndani hapaivi, chanja paja mara mbili upande wa ndani hadi kugusa mfupa, ili joto lipite kwa urahisi. Baadhi ya watu huchemsha au kuoka mapaja kwanza, na hakuna ubaya, mradi yatoke chunguni moja kwa moja kwenda kwenye wavu. Onyo: usichome nyama nusu leo ukaihifadhi ili umalizie kesho. Nyama iliyopata joto bila kuiva ni mahali pazuri pa bakteria kuzaliana, na kuichoma tena hakuondoi hatari yote.

Nyama ni kavu au ngumu

Hapa inabidi kutenganisha mambo mawili ambayo ulimi huyachanganya. Paja gumu linalovutika, linalong'ang'ania mfupa, mara nyingi halijakauka; halijaiva vya kutosha kwa ajili ya kolajeni yake. Paja kavu kweli huchambuka kama uzi na kuhitaji maji kulimeza. Chomeka kipimajoto kabla ya kuhukumu. Kikisoma kati ya 74 na 78, nyama ni salama lakini haijalainika, na dawa yake ni kuirudisha upande usio na makaa kwa dakika 10 nyingine. Kwa maoni yangu ushauri huu peke yake huokoa mapaja mengi kuliko mchanganyiko wowote wa viungo, na bado watu wengi husita kuufuata kwa sababu wamezoea kuamini kwamba kila dakika ya ziada motoni inaharibu nyama.

Kikisoma zaidi ya 90 na nyama imechambuka, chanzo ni moto mkali au muda mrefu mno. Tatizo hili hupata zaidi minofu ya paja isiyo na mfupa wala ngozi, ambayo huiva kwa dakika 10 hadi 14 tu juu ya moto wa wastani. Mtu akiichoma kwa muda wa paja lenye mfupa, hawezi kupata kitu kingine isipokuwa ukavu. Usichanganye aina hizo mbili kwenye wavu ukategemea ziive pamoja. Zile zisizo na mfupa ziwekwe mwisho.

Chanzo kinachofuata ni chumvi kuwekwa kwa kuchelewa. Chumvi inayopakwa mapema huvuta kwanza maji kidogo kutoka kwenye nyama, kisha huyeyuka ndani ya maji hayo na kurudi nayo ndani, ambako hulegeza protini na kuzifanya zishike unyevu zaidi wakati wa kuchoma. Kiasi kinachofaa ni gramu 10 hadi 12 kwa kilo moja ya mapaja, yaani takriban vijiko viwili vya chai vya chumvi laini, vipakwe usiku wa kuamkia siku ya kuchoma au angalau saa moja kabla. Nyama yenye ladha nje na isiyo na ladha ndani huponywa kwa njia hiyo hiyo, kwa sababu chumvi hupenya hadi ndani ilhali viungo vingi hubaki karibu na uso wa nyama. Anayependelea maji ya chumvi atumie gramu 50 kwa lita moja ya maji, kwa saa 1 hadi 4, ndani ya friji. Soma kwanza maelezo ya pakiti: kuku wengine huuzwa wakiwa tayari wamechomwa sindano ya maji ya chumvi, na kuwaongezea chumvi nyingi huwafanya wasilike.

Kama uso wa nyama ni wa ungaunga huku ndani pakiwa sawa, tatizo ni ndimu au siki iliyokaa muda mrefu. Asidi huzikaza protini za juu na hatimaye kuziharibu; saa 2 zinatosha, na kama ni lazima nyama ilale kwenye mchanganyiko, mtindi ni mpole zaidi.

Kuhusu kutobolewa kwa uma na kukatwa mapema, mambo haya yanatajwa mno kuliko uzito wake. Tumia koleo na uache nyama ipumzike dakika 5, lakini usitegemee kwamba hilo litalifufua paja lililochomwa vibaya.

Ngozi ni laini kama mpira

Ngozi ya paja ina maji na mafuta mengi, na haiwezi kukauka na kuvunjika mdomoni mpaka vyote viwili vitoke. Chanzo cha kwanza, basi, ni unyevu. Futa mapaja kwa karatasi ya jikoni hadi yasiteleze mkononi, yapake chumvi, kisha yaache bila kufunikwa ndani ya friji kwa saa kadhaa, yakiwa kwenye trei yenye kingo na kwenye rafu ya chini kabisa, ili maji yake yasidondokee chakula kingine. Usiyaoshe mapaja mabichi kwenye sinki kwa kutaka yawe safi: maji yanayoruka husambaza bakteria kwenye vyombo na meza, ilhali joto la nyuzi 74 huua bakteria hatari wa kuku mbichi, kama salmonela.

Chanzo cha pili ni mpangilio wa kuchoma. Anza na ngozi ikitazama juu, upande usio na makaa, ili mafuta yayeyuke polepole. Igeuze ielekee moto mwishoni tu. Cha tatu ni msongamano, kwa kuwa mapaja yaliyobanana hupikana kwa mvuke wa yenyewe. Acha angalau sentimita 2 kati ya moja na jingine. Hatimaye, usiifunike nyama kwa foili baada ya kuitoa, kwani ngozi iliyokuwa kavu italoa ndani ya dakika chache.

Nyama inanata kwenye wavu

Mara nyingi wavu haujapata moto au ni mchafu. Upashe moto dakika 10, usugue, kisha upake mafuta kwa kitambaa kilichoshikwa na koleo. Ukijaribu kugeuza paja likakataa, liache dakika moja au mbili zaidi. Ngozi ikishapata rangi huachia yenyewe, na kulivuta kwa nguvu ndiko kunakochana ngozi. Onyo: chunguza brashi ya nyaya kabla ya kila matumizi. Waya mmoja uliong'oka ukaingia kwenye nyama unaweza kutoboa koo au utumbo. Mtu akihisi kitu kimemchoma wakati wa kumeza na maumivu yakaendelea, apelekwe hospitalini bila kujaribiwa dawa ya kumeza tonge kubwa.

Moto unaruka na kuilamba nyama

Mafuta ya paja yakidondokea makaa hushika moto, na miali hiyo huacha masizi yenye ladha chungu. Chanzo kikubwa ni ngozi na mafuta ya ziada yanayoning'inia pembeni, ambayo yanapaswa kukatwa kabla ya kuchoma. Kinachofuata ni mafuta mengi ya mchanganyiko: inua paja, acha lichuruzike, lifute, ndipo uliweke kwenye wavu. Kisha angalia trei ya chini, hasa kwenye jiko la gesi. Mafuta ya uchomaji wa awali yaliyoganda humo ndiyo huanzisha moto mkubwa kuliko yote.

Miali ikiruka, sogeza nyama upande usio na makaa, funga kifuniko na uzibe matundu ya hewa. Usimwagie maji. Maji hugeuka mvuke ghafla chini ya mafuta yanayowaka na kuyarusha yakiwa bado yanawaka kuelekea kwa mtu. Moto mdogo wa mafuta ndani ya trei huzimwa kwa chumvi nyingi au mchanga mkavu. Acha kupambana ikiwa moto haupungui baada ya kifuniko na matundu kufungwa, au umefika kwenye bomba la gesi, ukuta au paa: ondoa watu, na uwaite zimamoto. Hakuna chakula kinachostahili mtu kurudi kukichukua.

Wekundu karibu na mfupa

Dalili hii huwatia watu hofu kuliko zote, na ndiyo ambayo macho hudanganya zaidi, kwa pande zote mbili. Paja lililoiva kabisa linaweza kuwa na wekundu kandokando ya mfupa, kwa sababu kuku wengi huchinjwa wakiwa wachanga, mifupa yao bado haijakomaa, na uboho hupenya hadi kwenye nyama, hasa nyama ikiwa iligandishwa. Moshi nao huacha utepe wa rangi ya waridi chini ya ngozi. Kwa upande mwingine, nyama inaweza kupoteza wekundu kabla ya kufika joto lililo salama. Hata yale majimaji ambayo tumefundishwa kuyatazama kama yametoka meupe au mekundu hayatoi jibu la hakika. Wekundu wake hutoka kwenye mayoglobini, protini nyekundu ya msuli, si kwenye damu.

Jibu ni kipimajoto. Kichomeke kutokea ubavuni hadi sehemu nene kuliko zote, karibu na mfupa bila kuugusa, kwa kuwa mfupa hupitisha joto tofauti na nyama na husababisha usomaji wa uongo. Pima zaidi ya paja moja, ukianza na lile kubwa na lile lililokuwa mbali na moto. Kama namba zinakushangaza, kikague kipimajoto chenyewe: ndani ya glasi iliyojaa barafu na maji kidogo kinapaswa kusoma 0, na ndani ya maji yanayochemka kisome karibu 100, ukipunguza takriban nyuzi 1 kwa kila mita 300 za mwinuko kutoka usawa wa bahari. Kipimajoto kinachokosea kwa nyuzi 5 hakifai kuaminiwa kwa kuku.

Usipokuwa nacho, kata paja kubwa kuliko yote hadi mfupani: nyama ikiwa inang'aa kama kioo, inateleza na haiachii mfupa, irudishe motoni. Njia hii ni ya dharura tu, na sipendekezi itumike unapolisha watoto wadogo, wajawazito, wazee au mtu mwenye kinga dhaifu ya mwili.

Nyama ni chungu au inanuka mafuta

Chanzo cha kawaida ni kuharakisha. Mkaa uko tayari unapofunikwa na jivu la kijivu, kwa kawaida baada ya dakika 20 au zaidi. Kabla ya hapo hutoa moshi mzito mweupe unaoshika kwenye ngozi yenye mafuta. Aliyewasha kwa mafuta ya kuwashia moto asubiri mpaka harufu yake iishe kabisa, au atumie vipande vya karatasi na vijiti vikavu. Kinachofuata ni wavu wenye masizi ya zamani, kitunguu saumu kilichosagwa kilichoungua juu ya ngozi, na kuni zenye utomvu au mbao zilizopakwa rangi, ambazo hazifai kuchomea chakula hata kidogo. Onyo: usimwage petroli wala mafuta ya taa juu ya makaa, hata yakionekana kuwa yamezimika.

Jiko la gesi halipandi joto

Kwanza hakikisha mtungi una gesi. Kama unayo na miali ni midogo, huenda kidhibiti cha gesi kimejibana kwa sababu valvu ilifunguliwa kwa kasi: zima kila kitu, fungua kiungio cha mtungi, subiri dakika chache, unganisha tena, kisha fungua valvu polepole. Miali ya njano yenye masizi huashiria matundu ya kichomeo yaliyozibwa na mafuta au na utando wa buibui. Safisha kwa brashi kifaa kikiwa kimepoa na mtungi umefungwa.

Paka maji ya sabuni kwenye viungio na kwenye bomba. Yakitoa mapovu, au ukisikia harufu ya gesi ambayo haiishi baada ya kufunga valvu, acha hapo hapo. Usiwashe wala kuzima swichi yoyote, ondoka, na umwite fundi aliyeidhinishwa au zimamoto. Kidhibiti hakifunguliwi wala kutengenezwa nyumbani, hubadilishwa.

Dalili zinazomhusu mtu, si nyama

Jiko la mkaa halichomewi ndani ya chumba, gereji wala hema, hata dirisha likiwa wazi, kwa kuwa makaa hutoa gesi ya kaboni monoksidi isiyo na harufu, na huendelea kuitoa hata yanapoonekana kufifia. Wapo waliokufa kwa kuliingiza jiko ndani liwapashe joto baada ya kula. Maumivu ya kichwa, kizunguzungu au kichefuchefu karibu na jiko ni ishara ya kutoka nje mara moja na kutafuta msaada wa daktari.

Mtu akiungua, sehemu iliyoungua ipoozwe kwa maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20, bila dawa ya meno, siagi wala barafu. Kidonda kikiwa kikubwa kuliko kiganja cha aliyeungua, au kikiwa usoni, mikononi au sehemu za siri, au ngozi ikigeuka nyeupe au nyeusi, aende hospitalini.

Tumbo likivurugika baada ya kula kuku, anywe maji mengi yenye chumvichumvi za kurudisha maji mwilini. Kuhara damu, homa kali, kutapika kusikoruhusu hata maji kukaa, au kuhara kunakozidi siku 3 ni kazi ya daktari; kwa mtoto mchanga, mjamzito au mzee, usisubiri siku hizo. Daktari aambiwe kilicholiwa na saa kilipoliwa.